Fundi Asiyesema Kazi Imekwisha

Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile kwa kila nyumba. Hakuuliza tangi lilikuwa kubwa kiasi gani wala liliwekwa na nani. Alisimama uani, kofia mkononi, akatazama ukuta uliolowa chini ya paa, kisha akauliza, "Inamwaga saa ngapi?"

Wengi walimjibu kwamba inamwaga tu.

"Tu si saa, mama," alisema. "Nipatie saa."

Mji wa Busia, upande wetu wa Kenya, ulikuwa mdogo miaka ile ya sabini, lakini mafundi hawakukosekana. Kulikuwa na fundi wa baiskeli, fundi wa redio, na mafundi cherehani wawili waliokuwa hawasalimiani. Yeye peke yake aliitwa Fundi bila nyongeza. Alikuwa ametoka ng'ambo, Uganda, ambako alifanya kazi ya maji ya mji kwa miaka mingi, akavuka wakati watu wengi walipokuwa wakivuka. Siku hizo mtu aliyevuka hukumuuliza ameacha nini. Ulimwonyesha mahali pa kulala, basi.

Mimi nilikuwa mkunga katika zahanati ndogo kwenye barabara ya kwenda Matayos. Nyumba niliyopanga ilijengwa zamani na Mzungu mmoja wa kiwanda cha pamba, na ndiyo maana ilikuwa na vitu ambavyo nyumba nyingi za huku hazikuwa navyo: tangi chini ya paa, pipa la kuchemshia maji lililojengewa jiko la kuni nyuma ya jiko la kupikia, na mabomba yaliyopita ndani ya kuta yakienda nisikojua. Nilimjua Fundi kwa sababu ya tangi hilo. Alikuja mara ya kwanza mwaka wa sabini na nne, akaendelea kuja hadi ikafika siku ambayo ingekuwa heri asingekuja.

Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Vyombo vyake alivifunga katika gunia safi, kila spana imefutwa kwa mafuta, lakini shati lake siku zote lilikosa kifungo cha pili kutoka juu. Kabla ya kazi hakukubali hata maji ya kunywa. Baada ya kazi alikunywa chai vikombe vinne, sukari nyingi, polepole. Kanisani alikuja kila Jumapili, ila hakuingia. Alisimama nje karibu na dirisha, akaimba hapo hapo pamoja na wenzake walio ndani, na padri alipotoa baraka yeye alikuwa ameshaondoka.

Sifa hazikumfaa. Mwenye hoteli ya kulala wageni karibu na kizuizi cha forodha aliwahi kumwita kwa sababu tangi lake lilikuwa likilowesha vitanda. Fundi alipanda juu, akaondoa kifuniko, akakaa. Alikaa muda mrefu hivi kwamba mwenye hoteli alianza kugomba kule chini, akiuliza kama amemleta mlinzi au fundi. Hatimaye Fundi alilifungua boya, lile tufe la shaba linaloelea juu ya maji ili tangi likijaa liinue mkono na kuziba mdomo wa bomba. Akalitikisa karibu na sikio la yule bwana. Maji yalisikika ndani yake. Boya lilikuwa na tundu dogo, limekunywa maji, haliwezi kuelea tena. Mwenye hoteli akafurahi, akamwita daktari wa matangi mbele ya wageni wote.

"Usiniite hivyo," Fundi alimwambia, na uso wake haukuwa na mzaha. "Nimeona tundu moja. Kama kuna lingine, sijaliona."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikarabati, akafunga gunia lake, na ukimuuliza kama kazi imekwisha hakusema ndiyo. Alisema, "Nimefanya hii ambayo nimeona." Baada ya wiki moja alirudi bila kuitwa, akapapasa ukuta kwa kiganja, akaenda zake. Baada ya wiki nyingine akarudi tena. Watu wengine walidhani anatafuta chakula. Mke wa mwalimu mkuu mmoja kule Bukhayo alimfukuza kwa maneno makali, naye akaomba radhi, na wiki iliyofuata akapita ng'ambo ya barabara ili aweze kuuona ukuta akiwa mbali.

Mwalimu mkuu huyo alikuwa na kisa chake. Alikuwa amefunga waya wa redio kwenye mkono wa boya ili apate taarifa ya habari vizuri, na waya ukauzuia mkono usipande. Fundi aliuliza maswali yake yote: inamwaga saa ngapi, siku zipi, nani yuko nyumbani, mlianza kuona lini. "Usiniambie nini imeharibika," alizoea kusema. "Niambie umeona nini." Mwalimu alijibu kila swali kwa ufasaha, ila hakuutaja waya, kwa kuwa kwake yeye waya ulikuwa habari ya redio na haukuhusu maji. Nilipomsikia Fundi akisimulia kisa hicho nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema mtu anaweza kuficha kitu bila kujua kwamba anakificha.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo sikuyaelewa kwa muda mrefu. La kwanza, hakukubali kufanya kazi na mtu. Wazazi kutoka Marachi na kwingineko walimletea vijana wao awafundishe, wengine wakija na kuku, akawarudisha wote. Alishika ngazi yake mwenyewe, akapanda mwenyewe, akafunika tangi mwenyewe. La pili, gari likisimama ghafla nje ya nyumba aliyokuwa akifanya kazi, aliweka spana chini, akasimama wima, mikono yake miwili ikionekana. Alibaki hivyo hadi asikie nani ameshuka. Mara moja ilikuwa gari letu la zahanati limekuja kunichukua, mama mmoja ana uchungu na mtoto amekaa vibaya. Nilimkuta Fundi amesimama jikoni kwangu namna hiyo, macho yakitazama ukuta. Nikampita, nikachukua mkoba wangu, nikaingia garini.

Tangi langu lilianza kumwaga vibaya mwaka wa sabini na saba, baada ya Pasaka. Fundi alibadilisha washa ya bomba, ile pete ya mpira inayoziba maji. Likamwaga tena. Akabadilisha boya zima. Likatulia siku sita, kisha nikatoka kanisani nikakuta maji yakishuka ukutani hadi chumbani, dari imevimba, godoro langu limelowa.

Alikuja Jumatatu. Hakufungua gunia. Aliomba kiti, akakaa nacho uani.

"Sista," alisema, maana huku wauguzi wote tuliitwa hivyo, "inamwaga saa ngapi?"

"Jumapili. Tukiwa kanisani."

"Jumapili zote?"

Nikafikiri. "Zote. Siku nyingine hapana."

"Jumamosi unafanya nini?"

Nilimwambia ninafanya yale ambayo kila mtu anafanya. Nafua. Nafua nguo zangu na mashuka ya zahanati, kwa kuwa kule hatukuwa na maji ya moto. Nawasha jiko la kuni chini ya pipa asubuhi, nafua mchana kutwa, jioni natupa makaa.

Hakuniuliza zaidi. Alisema atarudi Jumapili inayofuata, na kwamba Jumamosi nifue kama kawaida, nisibadilishe kitu. Jumapili hiyo sikuenda kanisani, naye kwa mara ya kwanza hakwenda kusimama dirishani. Alipanda darini, akafunga mkono wa boya kwa kamba ukawa juu kabisa, maji yasiweze kuingia kwa njia yake hata tone. Kisha tukangoja. Mji ulikuwa kimya, mifereji yote imefungwa, watu wamo makanisani, na maji ya bomba la barabarani yakawa na nguvu kwa kuwa hakuna aliyeyatumia. Kabla ya saa nne nikasikia maji yakianza kudondoka ukutani.

Fundi alikuwa juu. Aliingiza mkono majini, kisha akasema, "Sista, lete mkono wako."

Nilipanda ngazi. Aliushika mkono wangu akauingiza ndani ya tangi. Maji yalikuwa vuguvugu.

"Hii tangi inajazwa na maji baridi kutoka barabarani," alisema. "Nimeifunga. Sasa hii ya vuguvugu inatoka wapi?"

Sikujua.

"Inatoka chini. Imepanda kupitia kwa pipa lako la moto. Kuna mahali maji ya barabara inakutana na maji ya pipa, inaisukuma irudi huku juu."

Alishuka akaanza kufuata bomba kwa kiganja, ukuta hadi ukuta, hadi akafika kwenye sinki la jikoni. Hapo palikuwa na mfereji mmoja wa mdomo mmoja na mikono miwili, mkono wa maji moto na mkono wa maji baridi. Maji baridi yalitoka moja kwa moja barabarani. Ya moto yalitoka kwenye pipa, na pipa lilijazwa na tangi. Kwenye mdomo wa mfereji huo mimi tangu Pasaka nilikuwa nimefunga mpira mrefu uliopita dirishani hadi uani, na mwisho wa mpira nimeweka koki ndogo, ili nifue nje kwenye jua bila kuingia na kutoka na ndoo. Nikimaliza nilifunga ile koki ya mwisho. Mikono miwili ya mfereji niliiacha wazi hadi Jumatatu. Maji ya barabarani yalipokosa pa kutokea yaliingia upande wa moto, yakarudi nyuma, yakapanda.

Nilijiona mjinga. Nikaanza kusema ni mimi niliyeufunga, ningekuambia, sikufikiri kwamba mpira unahusu tangi. Nilisema mengi kabla sijaona kwamba hanisikii. Alikuwa ameshika mpira ule kwa mikono miwili, akiutazama. Kisha akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye sinki.

Alinieleza hapo hapo. Sitaweka maneno yake yote, kwa kuwa mengine aliyasema katika lugha yao na mengine hakuyamaliza.

Kule ng'ambo alikuwa akifanya kazi na mwenzake mmoja, miaka kumi pamoja. Serikali ya wanajeshi ilipoingia, siku moja waliitwa nyumbani kwa mkubwa mmoja wa jeshi. Tangi linamwaga. Fundi akabadilisha boya, mwenzake akapanda mwisho kufunika. Wakaondoka. Siku mbili baadaye tangi likamwaga tena, dari ya sebule ikaanguka mbele ya wageni wa yule mkubwa. Askari wakaja na gari wakawachukua wote wawili. Waliwaweka vyumba mbalimbali. Wakamuuliza Fundi kama kazi aliifanya vizuri.

"Nikasema nilimaliza vizuri," aliniambia. "Nikasema, ile boya ni mpya, haiwezi kumwaga. Kama inamwaga, kuna mtu ameigusa."

"Na wa mwisho kupanda ni yeye," nikasema.

"Hiyo hawakuniuliza. Walikuwa wanajua."

Yeye walimwachia jioni ile. Mwenzake hakurudi. Wiki hiyo hiyo Fundi akavuka mpaka.

"Miaka hii yote, Sista, nilikuwa najiambia labda kweli aliigusa. Alikuwa anachukia wale watu. Labda alikunja kitu kule juu. Kwa sababu mimi kazi yangu najua. Boya ilikuwa nzuri." Akauinua mpira wangu kidogo. "Kule nje, kwa yule mkubwa, walikuwa na hii. Ya kuosha magari. Ilitoka dirisha ya bafu, na koki mwisho. Niliiruka. Nikiingia niliiruka, nikitoka niliiruka."

Kazi yangu imenizoesha kukaa na watu wakati mbaya. Nilikaa sakafuni kando yake. Nikamwambia hakujua.

"Ndiyo," alisema. "Lakini niliongea kama mtu anajua."

Siku hiyo hakunywa chai. Aliufungua mpira, akaukunja vizuri, akauweka juu ya meza, akaenda. Tangi langu halikumwaga tena.

Baada ya hapo hakuwa yule tuliyemzoea. Aliacha kuitwa, akaanza kujipeleka mwenyewe. Alizunguka nyumba zenye mabomba, ambazo hazikuwa nyingi, akiomba aonyeshwe mipira. Alipokuta mpira umefungwa kwenye mfereji wa mikono miwili aliufungua, hata kama nyumba hiyo haikuwa na tangi. Mfanyabiashara mmoja alimkuta uani kwake ameshika mpira, akadhani ni mwizi, akamwitia watu. Walimjua, kwa hiyo hawakumpiga sana. Nilimshona juu ya jicho nyuzi tatu, na wakati wote nikishona alikuwa akinieleza jinsi bomba lilivyopita katika nyumba ile. Nilimwomba apumzike. Nilimwomba aje kanisani, aingie ndani, azungumze na padri. Alikubali kila nilichosema kwa upole, na hakufanya hata kimoja.

Vita vilipofika ng'ambo mwaka wa sabini na tisa, na wanajeshi wale wakakimbia, watu walianza kurudi kwao na mizigo kichwani. Fundi alikuja kuniaga. Alikuwa amefua shati. Aliniambia anakwenda kumtafuta mke wa mwenzake amweleze kwamba mumewe hakufanya kosa lolote. Nilifurahi. Niliona hicho ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho kingeweza kumsaidia, nami nikamwambia hivyo. Nilimpa sabuni na chumvi ampelekee yule mama, maana kule vilikuwa adimu.

Nilimwona tena mwisho wa mwaka huo, Malaba. Nilikuwa nimemsindikiza mgonjwa hadi hospitali kubwa, na nikirudi nikashuka pale kutafuta gari la Busia. Malori yalikuwa yamepangana hadi mbali yakingoja kuvuka. Kando ya barabara kulikuwa na ghala la mabati, na kwenye geti lake ameketi mlinzi mwenye koti la mvua lililomzidi. Nilipita, kisha nikarudi.

"Sista," alisema. Aliinuka akanipa kiti chake, yeye akakalia kreti.

Nilimuuliza habari za kazi ya maji. Alisema vyombo alimwachia mtu. Nikamuuliza kama alimpata yule mama.

"Nilimpata. Anaishi nyumba ile ile. Alinipokea vizuri, Sista, kama ndugu. Akapika. Akaita mabinti, ni wakubwa sasa. Nikala, nikawaeleza."

"Yote?"

"Yote. Habari ya boya, habari ya mpira. Na kile niliwaambia askari. Hiyo pia nilisema."

Lori lilipita karibu, akangoja lipite.

"Alikuwa amewaambia hawa watoto kwamba baba yao aliharibu ile tangi makusudi. Kwamba alikuwa jasiri, aliamua kumwangushia yule mkubwa nyumba juu ya kichwa. Mtaa mzima wanajua hivyo. Wakati ule serikali imeanguka, kanisani walimsimamisha mbele, wakamwombea mume wake. Watu wanamsalimia kwa heshima." Alitazama mikono yake. "Sikujua. Nilifika nikasema hakufanya chochote, nikidhani ninamletea habari njema."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza, hata kidogo? Nikamwambia, hata kidogo. Akasema, kwa hivyo waliniulia mume kwa sababu ya mpira wa kuosha gari, na wewe. Hakuniinulia sauti. Akaanza kutoa vyombo mezani."

Binti mkubwa alimsindikiza hadi barabarani. Alimshika mkono kwa adabu, kama anavyoshikwa mzee, na walipofika alimwomba asirudi tena kwao, wala asilisimulie jambo lile kwa mtu yeyote wa mtaa ule.

"Ile sabuni na chumvi walichukua?" niliuliza, sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Alinirudishia."

Nilikuwa nimewaambia wanawake wengi maneno ambayo hakuna anayetaka kuyasikia, na siku zote baada ya maneno hayo nilipata lingine la kuongeza, hata dogo. Pale sikulipata.

"Sista," alisema mwishowe, "afadhali ningenyamaza?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, akinitazama. Niliona kwamba amelihifadhi swali hilo kwa muda, na huenda hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Nilimfikiria yule mama akitoa vyombo mezani. Nikafikiria mabinti. Nikafikiria pia mtu aliyekufa, ambaye hakuna aliyekuwa akimsemea isipokuwa huyu hapa, na huyu alikuwa amechelewa.

"Ulifanya vizuri, Mzee," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Hakuniamini, nami niliona haniamini, na hakutaka kunifedhehesha kwa kuniambia.

Dereva wa lori akapiga honi nje ya ghala. Fundi aliinuka, akafunga koti, akaniambia magari ya Busia husimama mbele kidogo, nisikubali kukaa nyuma kwa kuwa mvua ilikuwa karibu. Akalisukuma geti, lori likaingia. Nilidhani atatoka tena tuagane, nikasimama pale kando ya kiti chake. Geti likafungwa kutoka ndani, nikasikia komeo likipita. Nilingoja hadi matone ya kwanza yakaanza, kisha nikakiegemeza kiti ukutani kisilowe, nikaenda kutafuta gari.